Kidonge Kizima Ugawani

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyevaa kanzu ya mkono mmoja. Alimtazama mwanamke aliyesimama barazani kwake, nguo zimemganda kwa mvua, pochi ameikumbatia kifuani, na kabla hajamuuliza jina wala atokako akageuka ndani akapaza sauti.

"Mwanamvua! Njoo uone, mwanangu! Tumeletewa mtu wa kugawana naye!"

Mwanamke huyo aliitwa Saumu. Jinsi alivyopotea njia hata akatokea katika nchi ya Ugawani ni habari ndefu isiyo na faida kwa msomaji. Itoshe kusema kwamba hakutarajia kufika huko, wala hakuna mtu huko aliyemtarajia, na bado alipokewa kwa furaha ambayo hajapata kuiona kokote tena. Mzee yule, jina lake Ngwali, alimvua ndara kwa mikono yake mwenyewe. Moja akamrudishia, ya pili akampa binti yake Mwanamvua, aliyekuja akijikokota na tumbo lake la ujauzito, akaivaa palepale na kushukuru.

"Lakini mtu mmoja atatembeaje na ndara moja?" Saumu aliuliza.

"Atachechemea," alijibu Mzee Ngwali kwa upole. "Sote huku tunachechemea. Hakuna anayemcheka mwenzake."

Ilikuwa kweli. Asubuhi iliyofuata mvua ilikatika, Saumu akatoka kuitazama nchi. Kila mtu mzima alikuwa na kisu kidogo kiunoni, na hakuna aliyekitumia kumdhuru mwenzake. Kilikuwa kisu cha kugawia. Sheria ya kwanza ya Ugawani ilisema kwamba hakuna kitakachopita kooni mwa mtu mmoja bila mwenzake kupata sehemu iliyo sawa, na sheria zilizofuata ziliitanua hiyo ya kwanza hadi ikafika kwenye vitu visivyopita kooni. Aliwaona ndugu wawili wameketi nje ya nyumba waliyorithi, kila mmoja ameshika nusu ya ufunguo. Mlango ulikuwa umefungwa tangu baba yao azikwe. Walimsalimu kwa uchangamfu wakamwambia kwamba hawajawahi kugombana. Kisimani alikuta ngazi iliyokatwa katikati ili mtaa wa juu na mtaa wa chini wapate haki sawa. Hakuna mtaa ambao nusu yake ilifika majini.

Saumu alitaka kucheka akashindwa. Alitoka katika nchi ambako watu hula wamefunga madirisha ili jirani asisikie harufu ya pilau, na hapa aliona watoto wakimegeana kipande cha muhogo hadi kikawa unga vidoleni, bila kunung'unika. Kulikuwa na wema mkubwa katika nchi ile. Jambo lililomtia huzuni ni kwamba hakuna aliyeuliza wema huo unafikia wapi.

Aliporudi nyumbani kwa staftahi akatoa kidonge chake. Saumu alikuwa na presha, na daktari wa kwao alimwandikia dawa mseto, yaani dawa mbili zilizounganishwa katika kidonge kimoja, ameze kila asubuhi. Alikuwa bado hajainua kikombe cha maji Mzee Ngwali alipochomoa kisu chake na kukifuta vizuri kwa pindo la kanzu.

"Lete, mwanangu, nikukatie."

"Hapana, baba. Hii ni dawa yangu."

Mzee alitabasamu, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Dawa ya nini?"

"Ya presha. Ya kwanza ilinisaidia kidogo tu, ndipo daktari akanipa hii yenye dawa mbili ndani yake."

"Mbili!" Mzee Ngwali aliangua kicheko cha furaha. "Mwanamvua, umesikia? Mbili ndani ya kimoja! Basi hata aliyeitengeneza alijua italiwa na watu wawili. Na huyu binti yangu kichwa kinamgonga tangu juzi. Nusu yake, nusu yako."

Saumu akakifumbata kidonge kiganjani. "Baba, nisikilize. Dawa zote mbili ni zangu, zinafanya kazi pamoja ndani ya mwili wangu mmoja. Nikimeza nusu, ugonjwa wangu unabaki. Na Mwanamvua akimeza hiyo nusu nyingine, anaweza kumpoteza mtoto. Moja ya dawa hizi haitakiwi kabisa kwa mjamzito. Kama kichwa kinamgonga, apelekwe akapimwe, atapewa dawa yake."

Mwanamvua aliuondoa mkono aliokuwa ameshaunyoosha. Mzee Ngwali akakaa na kisu chake hewani. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kumwona mtu akimeza kitu peke yake mbele ya macho yake, na Saumu alipomeza, mzee aliangalia pembeni, kama mtu aliyeona uchi.

"Mama naye alikuwa na dawa," Mwanamvua alisema.

Ndipo Saumu akasikia habari za Bi Mwanahawa, mke wa mzee. Alipimwa hospitali ya ng'ambo ya mpaka akaambiwa presha yake iko juu, akapewa vidonge. Alirudi navyo akafanya kama sheria itakavyo. Kila asubuhi kidonge kilikatwa mara mbili, kisha mara nne, kisha kikasagwa, na kila nyumba ya mtaa ikapata unga wake katika ncha ya kisu. Kaka yake mwenyewe, Faki, aliyekuwa Mgawaji Mkuu wa nchi, ndiye aliyesimamia ugawaji ili asije mtu akapendelewa. Bi Mwanahawa alilamba unga wake kila siku kwa imani. Siku moja akiwa anasuka ukili alisema mkono haumtii, halafu hakusema tena.

"Na watu wa mtaa wakasemaje?" Saumu aliuliza.

"Walisema ameondoka vizuri," Mzee Ngwali alijibu. "Hakuna aliyenyimwa." Alisema hivyo kwa fahari, kisha akainuka akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na haja ya kuangaliwa.

Habari ya mgeni aliyemeza peke yake ilifika kwenye Baraza la nchi kabla ya jua kukaa sawa. Saumu akaitwa. Wajumbe walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya miguu miwili, wakiyashikilia kwa mapaja yasianguke, na Mzee Ngwali alikuwa mmoja wao. Katikati alikaa Bwana Faki, Mgawaji Mkuu, mtu wa kimo na mwili, macho mekundu, pumzi fupi. Alivaa miwani ya kioo kimoja. Kioo cha pili kilikuwa kwa mpishi wake.

"Mgeni wetu," alianza kwa adabu, "hatujakuita kukuonea. Tunataka kufahamu tu. Umeshtakiwa ulafi."

Mjumbe mmoja akasimama. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Huyu mama anasema ni mgonjwa. Namwona anatembea, anaongea, na jana kwa mujibu wa taarifa alikula wali akamaliza. Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwi popote," Saumu alisema. "Presha inaweza kukaa mwilini mwaka mzima bila kukuambia kitu."

Baraza zima likanguruma kwa kicheko.

"Haumwi popote na anameza dawa! Sisi huku, mtu akipata nafuu, zilizobaki anazigawa siku hiyohiyo. Za nini tena?" mjumbe yule akauliza.

"Nafuu hiyo inaletwa na hizo dawa," Saumu alisema. "Mtu akiziacha, presha inarudi kimyakimya."

"Na mimi nina swali," mwingine akadakia. "Kidonge kimoja chenye dawa mbili, ni kitu kimoja au vitu viwili? Maana kama ni kimoja kinagawanywa kwa sheria ya kimoja, na kama ni viwili, kila kimoja kinagawanywa, kwa hiyo tunakata mara nne!"

Wakalijadili hilo muda mrefu. Walijadili kwa bidii na kwa lugha nzuri, wakinukuu maamuzi ya zamani kuhusu yai lenye viini viwili. Saumu aliona kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa na akili nyingi, zote zimepangwa kuzunguka jambo ambalo hawakuruhusiwa kuligusa. Mwishowe akaomba nafasi.

"Naomba kuuliza jambo moja. Unga ule wa Bi Mwanahawa ulimponya nani?"

Bwana Faki alivua miwani yake, akakifuta kile kioo kimoja, akaivaa tena.

"Hakuna aliyelalamika," alisema.

"Sikuuliza aliyelalamika, Mheshimiwa. Nimeuliza aliyepona."

Hukumu ikatolewa bila jibu. Kwa kuwa Saumu ni mgeni na wageni huja na kasoro zao, ataruhusiwa kumeza peke yake, ila nyuma ya pazia, mtoto asimwone. Mzaliwa wa Ugawani hatapata ruhusa hiyo kamwe. Wajumbe wakasimama. Mzee Ngwali naye akasimama, akataka kusema kitu, akatoa sauti isiyo neno. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Benchi lilianguka kwanza, halafu yeye.

Sheria ya Ugawani haikatazi mtu kutibiwa ng'ambo, mradi arudi na dawa aje agawe. Wakamchukua kwa mkokoteni, Saumu akisukuma na Mwanamvua akishikilia kichwa cha baba yake, hadi hospitali ya mpakani. Njiani ulimi wake ulirudi. Cha kwanza alichosema ni kwamba anaona aibu kulala mkokotenini peke yake.

Hospitalini baba na binti walilazwa wote wawili, maana daktari alipompima Mwanamvua naye alikuta presha imepanda. Huyo daktari aliitwa Zawena, mwanamke mfupi wa maneno machache. Mwanamvua alipewa dawa inayomfaa mjamzito, akaamriwa arudi kila wiki bila kukosa. Mzee Ngwali alipimwa damu na figo, akawekwa chini ya uangalizi, na siku ya kuruhusiwa Dakta Zawena akakaa kitandani kwake na pakiti mkononi.

"Mzee, ulichopata juzi ni onyo. Kiharusi kilibisha hodi kikaondoka. Hii ni dawa mseto. Kimoja, kizima, kila asubuhi, wewe tu. Usikikate, usikisage. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Kama imeshafika kesho, endelea na cha kesho, usimeze viwili kwa pamoja."

"Nikijisikia vizuri?"

"Unameza."

"Nikijisikia vizuri sana?"

"Unameza, mzee wangu. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, kisha inuka polepole, maana inaweza kukutia kizunguzungu. Miguu ikivimba, njoo uniambie, usiache dawa mwenyewe. Ukitapika au ukiharisha sana, njoo vilevile. Na ukiumwa mgongo usinunue vidonge vya maumivu dukani bila kuuliza, vingine vinagombana na hii na kuumiza figo. Hata ile chumvi wanayoisifu kwamba ni ya wenye presha, niulize kwanza. Utarudi nikupime damu tena."

Mzee Ngwali aliyasikiliza yote akitikisa kichwa. Ila neno moja lilikuwa limemkwama. "Mimi tu," alirudia. "Daktari, unajua unaniomba niwe nani? Mimi nimekaa Barazani miaka. Nimewahukumu watu kwa tonge moja."

Mwanamvua, aliyekuwa kitanda cha pili, aliteremka akaja kupiga magoti mbele yake, jambo ambalo kwa tumbo lile halikuwa rahisi.

"Baba, sikuombi uibadilishe nchi. Mama alilamba unga mbele yangu kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kikombe. Niahidi utameza kizima. Kila asubuhi. Hata mimi nikiwa sipo kukuona."

Mzee aligeukia dirishani. Saumu alimwona akilia bila kujifuta.

"Nakuahidi," alisema. Kisha akamgeukia Saumu, karibu kwa hasira: "Umetuletea jambo zito, wewe mgeni."

"Najua, baba," Saumu alisema.

Waliporudi Ugawani watu walikuwa wamejaa barazani kwa mzee wakiwangoja, na Bwana Faki alikuwa mbele yao. Alimkumbatia shemeji yake kwa nguvu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akaketi, akihema, akanyoosha mkono wenye kisu.

"Haya, shemeji. Mungu amekurudisha. Tugawe."

Mzee Ngwali aliketi akaikalia pakiti. "Sigawi, Faki."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mashemeji.

"Acha mzaha, bwana, watu wamechoka kusimama."

"Sina mzaha. Dawa hizi zimepimwa kwa damu yangu. Nimeambiwa nizimeze nzima, peke yangu."

Kicheko kikakatika. Bwana Faki akayateremsha mabega. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini ambayo Saumu aliisikia kwa sababu tu alikuwa amesimama nyuma yao.

"Ngwali. Achana na watu. Nikatie mimi tu. Kichwa changu hakinipi usingizi, naona nyotanyota. Nusu tu, shemeji. Tumekua pamoja."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko Baraza. Mzee Ngwali aliinuka polepole, kama alivyofundishwa, na watu wakanong'onezana kwamba sasa ameanza hata kuinuka kwa maringo. Akamshika Faki mkono.

"Twende hospitali. Sasa hivi, nitakusindikiza njia nzima. Watakupima, watakupa zako. Zangu zinaweza kukudhuru, na hata zisipokudhuru, nusu haitakutosha wewe wala haitanitosha mimi. Tutakufa wote wawili, kila mmoja na nusu yake."

"Kwa hiyo unaninyima."

"Nakuomba twende."

"Mjomba, nenda naye," Mwanamvua alisema. "Tafadhali. Mimi nimetoka huko, wananitibu vizuri."

Bwana Faki aliwatazama, na Saumu aliona kwamba kwa kitambo kidogo mtu yule alitaka kwenda. Aligeuza kichwa kuutazama umati. Umati ulimtazama yeye, Mgawaji Mkuu, aliyemgawia hadi dada yake kwa haki isiyo na upendeleo. Kama nusu haifai, basi unga ule ulikuwa nini? Akauchomoa mkono wake.

"Nilimgawia Mwanahawa kwa mkono huu," alisema, sasa kwa sauti ya wote kusikia. "Hakuna atakayeniambia nilikosea."

Adhabu ya mlafi Ugawani si kifungo wala kipigo. Anaondolewa Barazani, na tangu hapo hakuna atakayekula naye. Chungu chake hakitaingia nyumba ya mtu, wala cha mtu hakitaingia kwake, na damu yake mwenyewe haitavuka kizingiti chake. Mwanamvua alitakiwa kuhamia kwa mama mkwe wake, ng'ambo ya barabara, siku ileile. Alilia akapinga, akasema atakula na baba yake na wamfukuze wote wawili.

"Nenda," baba yake alimwambia. "Huko watakusindikiza kliniki kila wiki. Mimi nikikushikilia hapa, nani atakusukuma kwenye mkokoteni? Nenda mwanangu."

Akaenda.

Saumu aliondoka Ugawani asubuhi iliyofuata, kwa kuwa hata mgeni hakuruhusiwa kulala nyumba ya mlafi zaidi ya usiku mmoja. Alikuwa tayari ameaga, yuko barabarani anachechemea, alipogeuka kutazama nyuma.

Mtaa ulikuwa umeamka. Kwenye kila baraza watu walikuwa wameketi duara, vichwa vimeinamiana juu ya sinia, visu vikimeremeta, na kicheko kikipita nyumba hadi nyumba. Baraza moja tu ilikuwa na mtu mmoja. Aliyempikia uji ni yeye mwenyewe, na Saumu aliona hata kwa mbali kwamba umeungua. Hakuna aliyekuwa akimlinda. Angeweza kukitupa kidonge kichakani, akavuka barabara, na kabla ya jioni wangemsamehe, kwa maana watu wa Ugawani hawana kinyongo.

Mzee Ngwali alikitoa kidonge, akakiweka ulimini, akanywa maji. Ng'ambo ya barabara Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni kwa mama mkwe wake, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni, asiruhusiwe hata kupunga. Baba yake akampanulia kinywa kitupu, kama mtoto anayemwonyesha mamaye kwamba amemaliza.

Kisha akavuta bakuli la uji karibu yake. Alisita kidogo, kwa mazoea, akatazama kulia na kushoto kama kuna wa kumwita. Hakukuwa na mtu. Akaanza kula.